Darubini ya usiku ya kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori: nunua ya mkononi kwanza, ya kwenye bunduki baadaye

MwanaKahe

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mahindi yakianza kukomaa huku tambarare ya Moshi, kuanzia Mabogini hadi Kahe na Arusha Chini, swali ni lile lile: "Nifunge darubini gani ya usiku kwenye bunduki niwamalize hawa nguruwe?" Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu watu wanatuma hela nje wanaletewa kifaa kisichoendana na mazingira yetu, na wengine wanafunga kitu ambacho kinaweza kuwafikisha mahakamani au kumuua jirani.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mwenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu achukue darubini ya joto (inayoona joto la mwili) ya kushika mkononi. Ya kufunga kwenye bunduki ni ya mwenye kibali, na hata yeye aanze na ya mkononi.

Kwanza jua unamlinda nani. Ukikuta mahindi yamelazwa kwa makundi, bua limevunjwa chini, gunzi limetafunwa pamoja na maganda, na udongo wa pembeni umefukuliwa kama umepitiwa na jembe la ng'ombe, huyo ni nguruwe pori. Siyo ngiri. Ngiri anatembea mchana, usiku amelala shimoni. Nguruwe pori mchana anajibanza kwenye vichaka vya mtoni au ndani ya miwa, giza likiingia ndiyo anatoka na familia yake. Nungu yeye anakata shina safi kwa meno ya mbele, anafukua viazi na maboga, na mara nyingi anakuachia mwiba mmoja au miwili njiani. Nyani, tumbili na kwelea ni wa mchana, darubini ya usiku haikusaidii chochote.

Sasa vifaa. Viko vya aina tatu.

Zile za picha ya kijani zinakuza mwanga hafifu wa nyota na mwezi. Za kizazi cha kwanza ni bei nafuu ila picha inafifia pembeni, na usiku usio na mwezi huoni kitu bila taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho). Za kizazi cha tatu ni nzuri sana, lakini zinazotengenezwa Marekani zinabanwa na sheria zao za kusafirisha zana za kijeshi, na zikipigwa na mwanga mkali zikiwa zimewashwa zinaweza kuharibika. Kwa mkulima sizizungumzii zaidi.

Za kidijitali ni kamera. Ina kihisi kinachoona infraredi, na ina taa yake ya infraredi ya kumulika mbele. Mchana inafanya kazi kama kawaida, picha ina rangi. Usiku picha ni nyeusi na nyeupe lakini ina sura: unaona masikio, manyoya, waya wa fensi, jani. Taa zake ziko za nanomita 850 na za nanomita 940, ndicho kipimo cha wimbi la mwanga wake. Ya 850 inafika mbali, ila ukiitazama kutoka mbele unaona wekundu hafifu kwenye taa na wanyama wengine wanashtuka. Ya 940 haionekani kabisa, lakini kihisi hakiioni vizuri, kwa hiyo umbali unapungua sana.

Tatizo lake huku kwetu ni majani. Ukikaa ukingoni mwa miwa au mahindi, jani moja likiwa mita mbili mbele ya lenzi linarudisha mwanga wote, kioo kinakuwa cheupe na huko mbele huoni kitu. Vumbi la kiangazi na ukungu wa asubuhi wa kule Machame au Usa River vinafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hiki ni kifaa cha mahali pa wazi: uwanja uliovunwa, ukingo wa bwawa, zizi.

Za joto hazihitaji mwanga wowote. Zinapokea joto linalotoka kwenye mwili, mawimbi ya kama maikroni 8 hadi 14 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nguruwe akiwa nyuma ya nyasi chache unamwona kwa vipande vipande. Akiwa nyuma ya ukuta wa majani humwoni, msidanganywe na matangazo. Haipiti kioo pia: ukiwa ndani ya pikapu madirisha yamefungwa utaona joto la kioo na la uso wako mwenyewe. Na jioni za Januari na Februari, jua likiwa limechoma kutwa nzima, mawe na vichuguu vinabaki na moto saa kadhaa baada ya machweo, vinang'aa kama vitu hai. Saa za kabla ya alfajiri, ardhi ikishapoa, ndipo picha inakuwa safi.

Hapa sasa ndipo watu wanapoliwa hela: umbali. Tangazo linasema "inaona mtu mita 1,800". Chukua kihisi cha pikseli (vitone vinavyounda picha) 384 kwa 288, kila pikseli maikroni 12, lenzi milimita 35. Gawanya 12 kwa 35, unapata 0.34, yaani milimita 0.34 kwa kila mita ya umbali. Maana yake ni kwamba kwenye mita 100 kila pikseli inafunika sentimita 3.4 za shamba lako. Nguruwe pori mkubwa ana kimo cha kama sentimita 70 begani, kwa hiyo kwenye mita 100 anachukua pikseli 20 kwenda juu. Unaona pua ndefu, unaona mgongo. Kwenye mita 300 amebaki na pikseli 7, ni donge jeupe. Na huyo mtu wa mita 1,800 wa kwenye tangazo, akiwa amesimama wima, ni vitone vitatu!

Sasa chukua ile ya bei ya chini, pikseli 256 kwa 192 za maikroni zile zile 12, na lenzi ya milimita 19. Kwenye mita 100 kila pikseli inafunika sentimita 6.3. Nguruwe yule yule ana pikseli 11. Kwenye mita 200 ana 5 na nusu.

Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, aliweka vigezo ambavyo watengenezaji wanavitumia hadi leo. Kugundua kwamba kuna kitu, pikseli kama 2. Kujua ni kitu cha namna gani, pikseli 8. Kukifahamu kwa hakika, kama 13. Matangazo yote yanakuuzia ile namba ya kwanza. Wewe unayeshika bunduki unahitaji ya tatu. Kwa kifaa cha 384 na lenzi ya 35 hiyo inaishia kama mita 150, tena hewa ikiwa safi na mnyama yuko wazi. Kwa cha 256 ni kama mita 85. Weka majani, weka unyevunyevu, punguza tena.

Na sababu kubwa ya msimamo wangu ni hii: ukitafutia wanyama kwa darubini iliyofungwa kwenye bunduki, kila unachokitazama umekielekezea mtutu. Kila kitu. Ng'ombe wa jirani, mbwa, mlinzi wa shamba la pili, mtoto aliyetoka kujisaidia. Hilo siwezi kulikubali shambani kwangu.

ChaliiWaUsa

Mkuu huu ni uzi wa kuweka kambi. Mimi niko upande wa Usa River, mahindi na maharage, nguruwe wanashuka na korongo. Tuna shotgun ya mzee hapa nyumbani, leseni ipo. Nikifunga ya kidijitali nitafika mita 100 au najidanganya?

MwanaKahe

Chalii wangu, mita 100 usahau. Risasi za chembe za shotgun zinatawanyika, ukivuka mita 35 au 40 unajeruhi tu. Nguruwe aliyejeruhiwa anakufa vichakani siku kadhaa baadaye, au anamgeukia mtu anayemfuata asubuhi. Kwa umbali huo huhitaji darubini ya kukuza picha.

La pili, teke. Shotgun inapiga teke la nguvu, na darubini nyingi za kidijitali za bei ya chini hazikutengenezwa kwa hilo, zinalegea au kioo kinazima. Kabla ya kununua yoyote soma imeandikwa inahimili bunduki ya aina gani. Pia angalia jicho lako linakaa umbali gani kutoka kwenye kioo. Kama ni sentimita 3 au 4 tu, teke likija chuma kinakupasua nyusi.

La tatu naliandika kwa uzito. Umesema shotgun ya mzee. Leseni ni ya mtu, siyo ya familia. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kama jina kwenye leseni ni la mzee, bunduki ni ya mzee. Wewe kama unataka kuibeba usiku, anza na ofisi ya kijiji, nenda polisi, omba ya kwako.

Mti Mkavu

Nyie mnazunguka sana. Nguruwe pori ni mharibifu, siyo tembo wala simba. Mtu amelima ekari tano kwa mkopo, zinaliwa usiku mmoja, halafu mnamwambia habari za pikseli na vibali. Nguruwe ni wa kupiga tu. Nani anamlinda mkulima?

MwanaKahe

Ndugu, hasira hiyo naifahamu na ni haki yako. Mkulima akipoteza mahindi ya kuvunwa wiki ijayo hakuna anayemrudishia ada ya mtoto. Lakini twende na sheria ilivyo.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimwachi nguruwe pori nje. Ni mnyamapori. Na sheria hiyo hiyo inakataza kuwinda kwa taa au kwa kifaa cha kulengea usiku, isipokuwa una idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Nafasi ya kujihami na kulinda mali ipo, lakini ukiua unatoa taarifa, na mnyama ni mali ya serikali. Ukigawana nyama na majirani umeshageuka mwindaji haramu, hata kama mahindi yaliyoliwa ni yako kweli.

Kwa hiyo njia ni ofisi ya kijiji, kisha ofisa wanyamapori wa wilaya. Andikeni kama kijiji, siyo mtu mmoja mmoja. Pigeni picha za uharibifu, hesabuni mistari iliyolazwa, wekeni tarehe. Ombi lenye kumbukumbu za msimu mzima halikai kwenye foleni sawa na mtu aliyekuja kulalamika kwa mdomo.

Na nyama hiyo, wafugaji wa nguruwe mnisikie: nguruwe pori na ngiri wanabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuumwa. Matumbo na mabaki yakitupwa karibu na banda, banda lote linaweza kwisha. Chanjo huku kwetu hatuna.

MamaZamu

Nimesoma yote, naomba na mimi niseme, kwa sababu naona mnaongea kama usiku mashambani hakuna watu.

Niko Chekereni, nalima mpunga. Maji yetu ni ya zamu. Zamu ikikuangukia saa nane usiku, unaamka saa nane usiku. Nakwenda na jembe na kitochi, na kitochi nakizima nikifika kwangu ili betri isiishe. Nainama kwenye mfereji kufungua maji, nimejifunga khanga kichwani, miguu iko ndani ya tope hadi magotini. Tuko wanawake wengi tunafanya hivyo. Wengine wako na watoto mgongoni.

Swali langu kwa huyo mwenye darubini ya bunduki: kwenye hicho kioo chako mimi naonekanaje?

MwanaKahe

Mama, shikamoo, na asante sana. Hili ndilo swali la uzi huu mzima.

Naomba kila mwenye bunduki asome jibu taratibu. Mtu aliyeinama kwenye mfereji ana kimo cha kama sentimita 80 au 90, mgongo umelala. Maji na tope ni baridi, kwa hiyo miguu iliyozama haionekani kabisa kwenye darubini ya joto. Khanga yenye tabaka mbili inapunguza joto la kichwa, kichwa kinafifia. Kinachobaki ni donge refu lililolala, liko chini, linasogea polepole, linasimama, linasogea tena. Kwa kifaa cha pikseli 256 kwenye mita 200, mama huyu ana pikseli 7 na nguruwe ana 5 au 6. Hakuna binadamu anayeweza kuwatofautisha hapo. Hakuna.

Hata cha 640 kwa 512 hakimalizi tatizo. Kinakupa uwanja mpana zaidi, lakini pikseli ikiwa ni maikroni 12 na lenzi ni ile ile ya 35, kila pikseli bado ni sentimita 3.4 kwenye mita 100. Anayekuuzia kwa kusema "640 inaona mara mbili" hajakwambia hilo. Kinachoongeza sura ni lenzi ndefu, na lenzi ndefu inakubania upana: kwa kihisi cha 384 na lenzi ya 35 unaona mita 13 tu za upana kwenye mita 100, na lenzi ya 50 unaona mita 9.

Ndiyo maana kwenye skimu za umwagiliaji kama Lower Moshi nasema bunduki isiwepo usiku kabisa. Maji yenyewe ni hatari nyingine: risasi ikigusa uso wa maji au tope gumu kwa pembe ndogo inaruka na kuendelea. Hata ile ndogo kabisa ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Tambarare ile haina kilima cha kuizuia. Nyuma ya nguruwe kuna barabara, kuna bodaboda, kuna kambi za wafanyakazi wa miwa.

Skimu inahitaji mtu mwenye darubini ya mkononi, filimbi na tochi kali. Anaona donge, anapuliza. Likiwa mama anajibu. Likiwa nguruwe linakimbia.

MamaZamu

Marahaba mwanangu. Hilo la filimbi nitalipeleka kwenye kikao cha kikundi.

Mkazi wa Ngarenanyuki

Wakuu, sisi huku tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, shida yetu ni nyati na tembo kwenye nyanya. Darubini ya joto inasaidia nini kwa tembo? Na je, ni kweli anaweza kusikia ukimwangazia infraredi?

MwanaKahe

Kusikia hapana, mwanga hauna sauti. Kwa tembo na nyati darubini ya joto ya mkononi ni msaada mkubwa kuliko kwa nguruwe, kwa sababu ni wanyama wakubwa: tembo wa mita 3 begani kwenye mita 500, kwa kifaa cha 384 na lenzi 35, ana pikseli 17. Unamjua ni tembo akiwa bado ng'ambo ya korongo. Faida yake ni muda. Unaamsha majirani, mnawasha tochi zenye mwanga mkali, mnapiga madebe mkiwa mbali, na mnampigia askari wa wanyamapori kabla hajaingia. Bila kifaa unamgundua ukisikia mabomba ya maji yanapasuka, na hapo mko mita 20. Watu wanakufa kwenye hizo mita 20.

Nyati ni hivyo hivyo, ila yeye usimsogelee hata kama yuko peke yake. Hasa kama yuko peke yake.

Kwa tembo, kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, pamoja na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, zinafanya kazi nzuri zikitunzwa. Kamba ikipigwa na mvua inapakwa upya. Na mazao yakiliwa, fuatilieni kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2011. Hazilipi thamani ya nyanya, hilo tunalijua wote, lakini usipoandikisha uharibifu mapema unakosa hata hicho kidogo.

FundiSauti_Moshi

Naongezea upande wa ufundi, maana wengi wataleta vifaa vyao kwetu vikishakufa.

Chukueni zenye betri ya kutoa, zile za duara za 18650. Kifaa chenye betri ya ndani kikifa chaji saa tisa usiku, kazi imeisha hadi asubuhi, na umeme wenyewe mnaujua. Betri nunueni za kueleweka. Zile zinazoandikwa uwezo wa mAh 9,900 (kipimo cha chaji) ni uongo, za kweli haziendi mbali zaidi ya 3,500. Angalieni picha ngapi kwa sekunde: ya 50 inatiririka, ya 9 mnyama anaruka ruka. Kuna namba nyingine inaandikwa kwa milikelvini, ni uwezo wa kutofautisha joto. Ndogo ndiyo nzuri. Tambarare ina joto na unyevunyevu, usichukue inayozidi 40; ukipata ya 25 au chini ya hapo, shukuru.

Mwanga wa kioo punguzeni hadi mwisho au tumieni rangi nyekundu. Ukitoa jicho kwenye kioo cheupe unakuwa kipofu dakika kadhaa, ndiyo mtu anatumbukia kwenye mfereji.

Usiifute lenzi ya joto kwa shati. Siyo kioo cha kawaida, imetengenezwa kwa jerimaniamu (germanium) na ina utando juu, ikichubuka picha inafifia. Na msisahau forodha: juu ya bei mnayoiona kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Ya kufunga kwenye bunduki ulizeni polisi kabla ya kuagiza, siyo mzigo ukishafika.

Mti Mkavu

Nimeelewa mkuu MwanaKahe, hasa hilo la mama wa Chekereni. Sisi shamba letu halina mfereji, limepakana na pori upande mmoja tu, na kijiji kimeshaandika barua kwa ofisa wanyamapori. Tukipewa kibali na mtu mwenye leseni na bunduki ya raifo (rifle), basi ndiyo afunge ipi?

MwanaKahe

Hapo sasa nitakujibu bila kuzunguka.

Watu wawili. Mmoja ana darubini ya mkononi na hana bunduki, yeye ndiye anayetazama na kusema. Mwenye bunduki haangalii kioo mpaka mwenzake amesema ni nguruwe, na yeye mwenyewe akakubali kwa macho yake. Wasipokubaliana, hakuna risasi.

Ya kwenye raifo iwe ya joto, kihisi cha 384, pikseli maikroni 12, lenzi 35, picha 50 kwa sekunde, imeandikwa inahimili teke la kaliba (ukubwa wa risasi) yenu. Kama mbele ni uwanja uliovunwa, hamna majani, ya kidijitali yenye taa ya 850 inatosha, ni nafuu, na kwa sura inazishinda za joto: utaona kama ni nguruwe jike mwenye watoto. Umbali wa mwisho uwe mita 100, upigwe mti wa alama ili usiku mtu asibishane.

Mchana nendeni mkaiseti kwenye shabaha pale mlipoelekezwa na polisi, kwa risasi zile zile mtakazotumia usiku. Ukibadili risasi unaiseti upya. Kwa ya joto, shabaha ya karatasi haionekani. Bandika chupa ndogo ya maji ya moto katikati, itang'aa.

Kaeni juu, kwenye kichuguu au dungu, ili risasi iende chini ardhini. Na kabla ya giza zungukeni nyumba zote za jirani mseme usiku huo mko shambani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi.

MamaZamu

Na kwa kikundi chetu kisichohitaji bunduki? Tukichangishana tununue ipi?

MwanaKahe

Ya mkononi, mama. Pikseli 256 inatosha kwa kazi ya filimbi, lenzi isizidi milimita 19 ili uone eneo pana, ya kutumbukiza betri. Kwa dola kama 400 hadi 700 zipo, kabla ya forodha. Nunueni betri nne na chaja ya sola, na kifaa kilale kwa mgawa maji wa zamu, kwa sababu yeye yuko macho usiku wote hata hivyo.